Ile 20 ya Kwenye Chati

Hotuba niliyoitoa mjini Moshi, Siku ya Wauguzi Duniani, mbele ya wauguzi na wakunga wanaoanza kazi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mgeni rasmi, walimu, wazazi mlioteremka asubuhi kutoka Marangu, Kibosho na Machame, na wengine mliosafiri usiku kucha, na nyinyi wauguzi wapya mliovaa nguo nyeupe ambazo bado zina mikunjo ya pasi: nawasalimu wote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie maadili ya uuguzi. Maadili mmeyasoma, mmeyafanyia mtihani, na asubuhi hii mmeyaapia huku mishumaa ikiwaka mikononi. Sioni haja ya kuwarudisha darasani. Nataka kuzungumza nanyi juu ya namba moja tu, na namba hiyo ni 20.

Mnaijua. Chukua chati ya mgonjwa yeyote, shuka mpaka kwenye mstari wa pumzi, utaikuta: 20, 20, 20, 20. Mzee wa moyo, 20. Kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda, 20. Mama aliyejifungua jana, 20. Joto linapanda na kushuka, mapigo yanabadilika, presha inabadilika, ila pumzi za wodi nzima zinakwenda pamoja kama kwaya. Sababu yake tunaifahamu. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine, lakini pumzi zinamtaka mtu asimame kando ya kitanda, atazame kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika 1 nzima, akiwa amenyamaza. Dakika hiyo hatuna, au tunasema hatuna. Basi tunaandika 20, kwa kuwa mtu mzima mwenye afya akiwa ametulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na 20 haimshtui yeyote.

Nasema "tunaandika" kwa sababu na mimi nimeiandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa 3 kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Zamu ya usiku, wauguzi 2, wodi ya akina mama imejaa. Kitanda cha karibu na dirisha alikuwapo binti wa miaka 23, uzazi wake wa kwanza, siku ya 4 tangu afanyiwe upasuaji wa kujifungua. Mtoto mzima, ananyonya. Kabla ya wageni kutolewa, mama mkwe wake alikuwa amekuja na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama ya kumrudishia mzazi nguvu, kwenye chupa ya chai, umefungwa kwa kanga usipoe. Wenyeji wa huku mnajua mtori kwa mzazi maana yake nini. Mama huyo aliketi, akamimina, akamlisha, yule binti akageuza uso. Akajaribu tena. Halafu akanifuata mezani nikiwa naandika.

"Sista, huyu mtoto hayuko sawa. Anahema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo. Na mtori amekataa. Huyu hajawahi kukataa mtori."

Nikamjibu, "Bibi, ni maumivu ya mshono. Atazoea. Muda wa wageni umekwisha."

Sikumtukana wala sikupaza sauti. Kwa lugha ya mafunzo ya huduma kwa mteja ningepewa maksi nzuri. Nilimtoa wodini kwa adabu kamili, pamoja na taarifa muhimu kuliko zote nilizopewa usiku ule.

Saa 2 usiku nilipita na chati. Joto 37.9. Mapigo 112. Presha 110 kwa 70. Pumzi: 20. Nikampa panado. Saa 6 usiku nikapita tena. Joto limeshuka kidogo, kwa panado ile ile niliyompa. Mapigo 120. Presha 105 kwa 65. Pumzi: 20. Nilijiambia presha iko vizuri. Saa 10 alfajiri mtoto akalia bila mtu wa kumnyamazisha. Nikaenda, nikamkuta mama yake ameketi kitandani, macho wazi, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Ndipo nikahesabu kwa mara ya kwanza. Zilikuwa 36.

Daktari wa zamu alikuja. Kulipopambazuka yule binti alikuwa chumba cha upasuaji, tumbo limejaa usaha, na ili wamwokoe ilibidi wamtoe kizazi. Alipona. Hakuzaa tena.

Niwaeleze kwa nini pumzi hutangulia, maana ukilielewa hili hutaona tena ule mstari wa chati kama wa kujazia. Maambukizi yakiingia kwenye damu, viungo vinakosa oksijeni ya kutosha na tindikali inaongezeka mwilini. Mwili una njia ya haraka ya kuipunguza: kuitoa kwa mapafu, kama hewa ya kaboni. Kwa hiyo mtu anapumua haraka zaidi, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Wakati huo huo moyo unakimbia ili presha isianguke, na kwa kijana mwenye afya presha inaweza kushikilia kwa muda mrefu. Inapoanguka, mwili umeshatumia akiba yake yote. Hata kwenye kutoka damu baada ya kujifungua ni hivyo hivyo: mapigo na pumzi huanza kupanda, presha huja kushuka baadaye. Muuguzi anayesubiri presha ishuke ndipo aamini kuwa mgonjwa yuko hatarini, anasubiri mwili ushindwe kwanza. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walipotafuta dalili chache za haraka za kumtambua mgonjwa ambaye maambukizi yanamzidi, walichagua 3 tu: akili kuchanganyikiwa, namba ya juu ya presha kufika 100 au chini yake, na pumzi 22 au zaidi. 22, ndugu zangu. Kutoka 20 mpaka 22 ni hatua 2 tu, na ndani ya hatua hizo 2 ndimo tunamowapoteza watu.

Kwa watoto jambo liko wazi zaidi, na wengi wenu mtaanzia huko. Mtoto mwenye kikohozi, aliye chini ya miezi 2, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, 40 au zaidi. Katika zahanati isiyo na eksirei, anapewa dawa ya nimonia kwa kuhesabu huko. Ukibuni hesabu, umebuni ugonjwa au umeuficha.

Na mama mwenye kifafa cha mimba, anayepewa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya kila dozi unatakiwa uthibitishe kuwa goti linaruka ukiligonga, mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa, na pumzi ni 16 au zaidi. Magnesiamu ikizidi inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu iliyozidi, iwe karibu. Sasa fikiria muuguzi wa zamu iliyopita ameandika 20 kwa mazoea, na wewe ukaiamini, ukachoma sindano. Dawa ni sahihi, dozi ni sahihi, mgonjwa ni sahihi, saa ni sahihi. Kilichoua ni namba.

Mtu atasema siku hizi tuna ile mashine ya kubana kidoleni. Nashukuru kwamba ipo, itumieni. Lakini inapima oksijeni iliyomo kwenye damu, haipimi jitihada anayoifanya mgonjwa ili oksijeni hiyo ibaki pale. Mgonjwa anaweza kusoma asilimia 96 huku anapumua mara 36, na ile 96 ikakutuliza. Tena Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mashine hizo ziliwakosa wagonjwa weusi wenye upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi ya wagonjwa weupe, kwa sababu rangi ya ngozi inachanganya mwanga wake. Hapa tulipo wagonjwa wetu karibu wote ni weusi. Macho yako bado yanahitajika kitandani.

Hapo niliposema hivi ukumbini, niliwaomba wauguzi wapya wamgeukie aliye jirani, watazame saa, wahesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Mwanzoni kulikuwa na kicheko, kisha ukumbi wote ukatulia, hata wazazi wakahesabiana. Dakika ilikuwa ndefu. Nilipouliza majibu, walisema 14, 17, 18, 15, 22. Yule wa 22 alikuwa na mafua na alichelewa, amekuja mbio kutoka stendi. Niliwaambia: mmeona, hata hapa tulipo wazima watupu, hatulingani.

Sasa nije kwenye neno mnalonitazama nalo. Mnaniambia kimoyomoyo: Mama, wodi ina wagonjwa 40 na sisi tuko 2. Ni kweli. Wagonjwa 40 kwa dakika 1 kila mmoja ni dakika 40, kabla hujagusa dawa, dripu, kidonda wala shuka lililolowa. Siji hapa kuwadanganya kwamba mtu mwenye moyo mzuri anaweza kugawa dakika zisizokuwepo.

Ninachosema ni hiki: anza na wale ambao pumzi zao zinaweza kukuambia jambo usiku huu. Aliyetoka upasuaji. Aliyejifungua. Mtoto. Mwenye homa. Aliye kwenye magnesiamu au dawa kali ya maumivu. Na yeyote ambaye ndugu yake amekuambia leo hayuko sawa. Kuchagua huko ndiko kunakoitwa uamuzi wa kitaalamu. Hakuna mashine inayokufanyia. Hao wahesabu dakika nzima. Wengine ambao hukuwafikia, acha nafasi yao wazi.

Narudia, maana najua linawashangaza: acha wazi. Nafasi iliyo wazi inamwambia anayefuata kwamba huyu hajahesabiwa, amwanzie yeye. Ile 20 ya kubuni inamwambia ameshatazamwa, apite. Na mainchaji, wasimamizi wa wodi mliokuja, nawaomba kwa heshima zote: msimgombeze binti aliyeacha nafasi wazi mkamsifu aliyejaza chati yote vizuri. Tukiwazoesha vijana kwamba karatasi iliyojaa ndiyo kazi nzuri, watatujazia karatasi. Tazameni pia jambo hili kwa jicho la bajeti. Kila mwaka tunalia kwamba wauguzi hawatoshi, kisha tunapeleka juu mafaili yanayoonyesha kila mgonjwa amepimwa kila kitu kila baada ya saa 6. Nani atatuamini? Kila 20 ya kubuni ni barua kwa Wizara inayosema tunatosha.

Ukishahesabu ukaona 36, kazi ya pili ni kusema. Hapa wengi wetu tunakwama, si kwa kutojua bali kwa woga. Tunampigia daktari usiku, tunaanza, "Samahani dokta kukusumbua, kuna mgonjwa hapa, sijui, naona kama anahema..." Yeye ametoka theta, chumba cha upasuaji, saa 7, hajalala, anasikia "sijui" na "kama". Anajibu, mpe panado, nitamwona asubuhi. Mpigie hivi: "Dokta, ni muuguzi wa wodi ya akina mama. Mama wa kitanda cha 12, siku ya 4 baada ya upasuaji wa kujifungua. Pumzi 36, mapigo 128, joto 38.4, hali chakula tangu jana. Nahofia ana maambukizi kwenye damu. Naomba uje umwone sasa." Si lazima uwe na jina la ugonjwa. Lakini uwe na namba uliyoihesabu mwenyewe, hofu yako uitaje, na ombi lako liwe wazi. Asipokuja, andika saa uliyopiga na ulichojibiwa, piga tena, kisha mpigie aliye juu yake. Kumruka mkubwa kunaogopesha, hasa kwetu tuliolelewa kuwaheshimu wakubwa. Nami nimetetemeka na simu mkononi zaidi ya mara moja. Daktari mwenye nia njema, akilala vizuri, atakushukuru. Na asipokushukuru, leseni uliyopewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ina jina lako wewe. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 wewe ni mtaalamu unayejibu kwa kazi yako. "Niliambiwa nisubiri" si jibu la mtaalamu.

Kuhusu kupokea kitu kidogo, na kuhusu maneno makali kwa mama aliye kwenye uchungu, sitasema mengi. Mnajua ni uovu, na aliyewaapisha leo amewaambia vizuri kuliko mimi.

Turudi kwenye ile alfajiri. Yule binti amepelekwa theta, mimi nimebaki na faili lake. Saa 2, 20. Saa 6, 20. Saa 10, 36. Mtu yeyote anayejua kazi angeuliza. Nilikuwa na kalamu mkononi, na 20 ni rahisi sana kuigeuza: unaongeza kimkia juu ya sifuri, inakuwa 26. Ningeonekana muuguzi aliyeona hali ikibadilika polepole. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi wakati inchaji wetu, mama mmoja wa Upareni, mtu wa maneno machache, aliposimama nyuma yangu.

"Ulihesabu?"

Nikanyamaza.

"Nauliza, za saa 2 na za saa 6, ulihesabu?"

"Hapana, mama."

"Piga mstari mmoja juu yake, zibaki zinasomeka. Andika pembeni kwamba hazikuhesabiwa. Weka saini yako na saa ya sasa hivi."

Niliandika huku nalia. Hakunifariji. Alinisimamia mpaka nikamaliza, kisha akachukua faili akalipeleka theta yeye mwenyewe, ili madaktari wasije wakadhani mgonjwa ameharibika kwa saa 4 wakati alikuwa ameharibika tangu jioni. Hilo nililielewa baadaye: kurekebisha ile namba kulikuwa sehemu ya matibabu ya mgonjwa ambaye bado alikuwa hai. Mimi nilidhani tunazungumzia aibu yangu.

Leo asubuhi mlipowasha mishumaa nilimfikiria Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyeweka msingi wa uuguzi wa kisasa, aliyezaliwa tarehe kama ya leo, 12 Mei 1820. Tunamkumbuka kwa taa aliyopita nayo wodini usiku. Alipofika Scutari, Uturuki, mwaka 1854 kuwahudumia askari wa vita vya Krimea, taa alikuwa nayo kweli. Lakini kilichobadilisha hospitali za jeshi la Uingereza ni daftari. Alihesabu waliokufa na sababu za kila kifo, akachora michoro iliyoonyesha kwamba askari wengi zaidi walikuwa wanauawa na magonjwa ya kuzuilika kuliko majeraha, na wakubwa wakashindwa kubisha. Akaja kuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha watakwimu cha London. Ningependa siku moja tuwape wauguzi wapya mshumaa mkono mmoja na saa yenye mshale wa sekunde mkono wa pili.

Na msidhani hayo ni ya Wazungu wa zamani. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Si watoto wa kuhara. Hao waliwekwa kando. Sote tuliamini mtoto wa namna hiyo afunguliwe dripu imiminike haraka. Tulifundishwa hivyo, tukafundisha hivyo. Walipohesabu, kati ya watoto 100 waliomiminiwa maji kwa kasi karibu 11 walifariki ndani ya saa 48, na kati ya 100 ambao hawakumiminiwa walifariki karibu 7. Tulikuwa tunawadhuru kwa mapenzi yetu. Jiulize tungelijuaje hilo kama watu waliokesha na watoto wale wangekuwa wanaandika 20.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonichukua miaka mingi.

Faili nililirekebisha. Lakini yule binti sikumwambia, wala mama mkwe wake. Siku zile haikuwa desturi. Tulisema Mungu amesaidia, mama ameokoka, tukaachana. Nilikuwa namwona mara moja moja sokoni, sitasema soko gani. Ameshakuwa mtu mzima, anauza ndizi, na yule mtoto wa usiku ule sasa ni mwanamke anayemsaidia kurudisha chenji. Nilikuwa nanunua ndizi za mshare kwake na kuondoka.

Nilipopata mwaliko huu niliona siwezi kuja kuwaambia nyinyi mseme ukweli ilhali yeye sijamwambia. Wiki 2 zilizopita nilikwenda. Nikamwomba tukae pembeni, nikamweleza yote: zile 20 mbili, panado, na jinsi nilivyomtoa mama mkwe wake wodini. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba pia ridhaa ya kusimulia habari hii, bila jina lake.

Alikaa kimya muda mrefu. Hakulia, hakunigombeza. Aliuliza swali moja.

"Mama alikuambia?"

"Aliniambia."

"Alisemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno. Akatazama chini. Akasema mama mkwe wake alikwishafariki, na kwamba miaka yote ile, kila walipoambiwa na watu kwa nini hamwongezi mtoto, yule mama ndiye aliyewajibu watu ili yeye asijibu. Wala hakuwahi kumwambia kwamba jioni ile alikwenda mezani kwa nesi.

Halafu akanipa ridhaa. "Waambie," alisema. "Jina langu liache. Lakini mama usimwache. Waambie alikuja, na alichosema."